Taa ya Kijani ya Friji Iliyozimika

Dada yangu uliyenilea,

Shikamoo. Nakusalimu kwanza, maana hata nikiwa na hasira za kupasua masufuria, salamu yako siwezi kuiruka. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na wanangu hao wawili, yule msemaji na yule wa kununa, waambie mama yao mdogo anawabusu mashavu yote manne. Sisi huku tu wazima. Kijino ana meno manne sasa, lakini jina limeshamganda, hatuwezi kuanza kumwita Meno. Anashika kiti, anasimama, anaanguka, anacheka, anasimama tena. Mkono wake wa kushoto bado una kauvimbe pale alipochomwa chanjo juzi Alhamisi, na chanjo hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia ninyamaze kwanza, na nikija kunyamaza salio limekwisha. Barua haikatiki. Nampa fundi cherehani wa mlango wa pili, anasafiri kesho asubuhi, na nimemwomba ailete mpaka mkononi mwako kabla shemeji hajafika hapo na begi lake. Ndiyo, dada, mume wako anakuja. Amesimamishwa kazi jana. Najua atakavyokuambia, kwamba mdogo wako ndiye aliyemmaliza, mdogo wako ambaye wewe ulimsihi yeye miezi mitatu amtafutie kazi. Nataka uwe umeshasoma kwa mwandiko wangu ilivyokuwa, ndipo uamue utanipa mkono au utanipa mgongo.

Unakumbuka nilivyokuwa nafagia pale hospitali, halafu shemeji akaniombea nihamie kwenye chumba chake cha kompyuta? Ulifurahi mpaka ukanitumia kile kitambaa cha kichwa cha zambarau. Sikuwahi kukueleza vizuri nilikuwa nafanya nini mle, kwa sababu hata mimi ilinichukua muda kukielewa. Ni hivi. Ukutani kuna skrini kubwa, na kila kifaa cha hospitali kilichoungwa kwenye waya kina kitaa chake pale: kompyuta za mapokezi, printa, mashine ya maabara, mpaka friji ya chanjo. Kifaa kikiwa hai, kitaa ni kijani. Kikizimika, kinageuka chekundu na kengele inalia. Programu yenyewe kazi yake ni kuviita vifaa kila dakika, kama mwalimu anayeita majina asubuhi, na asiyeitika anatiwa wino mwekundu.

Sasa majina yenyewe ndiyo yaliyokosekana. Kuna mashine nyingine inayotunza majina ya vifaa vyote, mafundi wanaiita DNS. Ukiitajia jina la friji ya chanjo, yenyewe inajua friji hiyo iko namba gani. Mashine hiyo ilikufa wiki niliyoingia. Ikawa kila shemeji akiandika jina la kifaa, programu inamrudishia kwamba haimjui mtu huyo. Ni kama simu iliyofutika majina yote, huwezi kumpata mtu mpaka uijue namba yake kwa kichwa. Wakubwa walishampa shemeji mpaka mwisho wa mwezi, vifaa vyote viwe kwenye skrini. Akaniambia hatungoji majina, tutaingiza kwa namba, na majina tutayabandika pembeni kwa mkono ili watu wasome.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, dada. Vifaa mia moja themanini na sita. Nimetambaa chini ya meza za hospitali nzima, Kijino mgongoni, daftari la bluu mdomoni, nikisoma namba kwenye vioo vidogo vya vifaa. Karani wa mafaili alikuwa akiniona anaanza kucheka, anauliza leo panya mama na panya mtoto wameamkia chumba gani. Namba nilizisoma kwa sauti ili nisikosee, kumi nukta sufuri nukta tatu nukta sabini na moja, na Kijino alikuwa analala kwa namba hizo kuliko kwa wimbo wowote. Hiyo sabini na moja ndiyo ya friji ya chanjo. Ile friji ina kidude kidogo cha waya kinachokula umeme kwenye soketi ileile yake, hivyo kidude kikizimika ujue na friji imezimika. Nilijivuna. Mimi niliyeishia shule ya msingi, nilikuwa nasimama mbele ya ile skrini jioni, taa za kijani zimejaa kama bustani, najiambia kila moja nimeipanda mimi.

Na nilikuwa na akili ya kuuliza, usidhani sikuwa nayo. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba namba hizi vifaa havizimiliki. Vinaazimwa. Kuna mashine inayozigawa, na umeme ukikatika vyote vikawaka upya, kinaweza kifaa hiki kupewa namba ya kile. Nikamuuliza, sasa hayo majina tuliyoyabandika si yatakuwa yamekaa kwenye vichwa visivyo vyao? Akasema nimeuliza vizuri, namba za vifaa vya maana inabidi zifungwe, kila kimoja kiwe na yake ya kudumu. Akachukua daftari langu, akaandika pembeni kwa kalamu yake nyekundu, "Kufunga namba, baadaye." Mwandiko wake unaujua, ile K yenye mkia.

Baadaye haikuja. Mwezi ukaisha, wakubwa wakaja na mganga mkuu wa hospitali, wakasimama mbele ya skrini wakapiga makofi. Shemeji akawaambia kwamba sasa hakuna haja ya nesi kuandika joto la friji kwenye kile kitabu kinachoning'inia na kamba, asubuhi na jioni, mambo ya zamani. Skrini inalinda. Kitabu kikatolewa. Nesi wa chanjo, wote tunamwita Nesi Miwani, alikishika kile kitabu kifuani kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Alisema ameandika joto la friji ile miaka kumi na moja. Shemeji akamtania kwamba mama, mkono wako ukapumzike, ulee wajukuu. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika saa tatu nzima. Jumatatu asubuhi skrini yote kijani, nikashukuru. Saa nne hivi kitaa cha friji ya chanjo kikageuka chekundu. Nilitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Nikafika, friji inanguruma vizuri, baridi yake unaisikia mkononi. Nikarudi, nakuta kitaa kimeshakuwa kijani. Njiani nilimwona karani wa mafaili amepiga magoti mbele ya printa yake, anaitukana, imemtafuna karatasi na ameizima aitoe. Sikuunganisha. Nilimwambia shemeji tu kwamba friji imewaka nyekundu na huku ni nzima. Alikuwa anakunywa chai. Akaniuliza kama siku hizi friji ikipiga chafya nayo nitamletea taarifa. Akaniambia nijifunze kutulia, Ijumaa nasaini mkataba wa kudumu, wakubwa hawapendi mfanyakazi wa kukurupuka.

Alhamisi ndiyo siku ya chanjo ya surua. Siku nyingine zote friji ile haifunguliwi. Na surua haiko mbali, dada, mtaa wa chini kuna watoto wawili wamelazwa nayo, macho mekundu, midomo imechanika. Kwa hiyo akina mama walifurika tangu alfajiri, na mimi nikapanga foleni kama wao na Kijino wangu. Alilia, akamvuta Nesi Miwani miwani, tukacheka, nikarudi kazini roho nyeupe kabisa. Nilimwambia mwanangu njiani, umekingwa sasa, mama.

Saa tano tukasikia kelele. Nesi Miwani ameingiza mkono ndani kabisa ya friji kuchukua vile vibarafu vya kuwekea kwenye kisanduku, akakuta maji. Si baridi, maji ya uvuguvugu. Plagi ilikuwa imelegea kwenye soketi, haijagusa. Taa ya ndani ya friji iliungua zamani, na kwa kelele za foleni usingesikia kama inanguruma au la, kwa hiyo alipokuwa anachukua dawa asubuhi hakujua kama imezimika. Alikuwa ameshachoma watoto arobaini na moja.

Mganga mkuu akaja, shemeji akaja, mimi nyuma na funguo. Swali lilikuwa moja tu, friji imezimika tangu lini? Kama ni asubuhi ile, chanjo bado zilikuwa nzima na watoto wamekingwa. Kama ni zamani, wamechomwa maji. Nesi Miwani akasema barafu ile haiwezi kuyeyuka na kupata joto vile kwa asubuhi moja. Shemeji akatupeleka kwenye skrini na kumwonyesha mganga mkuu mstari wa friji, kijani Jumatatu, kijani Jumanne, kijani Jumatano, kijani mpaka dakika ileile tuliyosimama. Akasema kwa hiyo plagi imeguswa sasa hivi watu walipokuwa wanasukumana. Nesi akafungua mdomo. Shemeji akamwambia mbele ya watu wote kwamba mama, hii ni mashine, haina mafua wala haina usingizi, na haidanganyi. Mganga mkuu akamshukuru. Chanjo zilizobaki zikatupwa, waliochomwa wakahesabiwa wamekingwa. Yakaisha.

Lakini mimi nilikuwa naitazama skrini. Friji haina umeme, plagi bado haijarudishwa, na kitaa chake bado ni kijani. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi na mume wako. Nililiona jicho lake likienda pale na kurudi haraka.

Watu walipotoka nilifungua ile orodha ya mashine inayogawa namba, alinifundisha mwenyewe kuisoma. Sabini na moja si ya friji tena. Tangu Jumapili ni ya printa ya karani wa mafaili. Sisi tulikuwa tunaita friji, anaitika printa. Na kidude cha friji chenyewe kimepewa namba nyingine ambayo hatukuiingiza popote, na orodha inaonyesha kilisikika mara ya mwisho Jumanne, saa kumi jioni. Jumanne, dada! Chanjo zimekaa kwenye joto mchana mzima na usiku mara mbili.

Nilimwonyesha. Akafunga mlango. Kwanza alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akanisifu kwamba hata mafundi waliosoma wasingegundua upesi vile. Kisha akasema basi tuibadilishe namba kimya kimya, tuendelee. Nikamuuliza, na watoto? Akasema chanjo iliyoharibika si sumu, hakuna atakayekufa kwa sindano. Nikamwambia sindano haiui lakini surua inaua, na mama zao watalala leo wakijua watoto wao wamekingwa, watawapeleka popote, watawaweka kitanda kimoja na mgonjwa. Ndipo akabadilika uso. Akaniuliza daftari lile ni la mwandiko wa nani. Akaniuliza kila namba kwenye skrini ile imeingizwa na nani. Akasema wakianza kutafuta mtu, watamwona mfagiaji aliyepewa kompyuta, na yeye atasikitika sana kwamba alimwamini ndugu wa mke wake.

Nilimwambia kwamba Kijino ni mmoja wa hao arobaini na moja. Hakuwa anajua. Halafu, dada, mume wako akatabasamu, akanishika bega, akasema basi hilo ni dogo kabisa, Kijino wetu atachomwa tena mwezi ujao, yeye ataongea na mtu, kimya kimya, hata jina halitaandikwa.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Mpaka sasa inanichoma. Kunitishia ningemsamehe, mtu akiogopa huwa anatisha. Lakini alidhani hiyo ni zawadi. Alidhani nikipewa wangu, wale arobaini nitawameza kama mate. Alinitazama mimi akaona mtu wa kununuliwa kwa mtoto wake mwenyewe.

Ijumaa, yaani jana, saa tatu nikaitwa kwa mganga mkuu kusaini mkataba. Shemeji alikuwepo, shati la mikono mirefu, ananikonyeza kama baba wa bibi harusi. Karatasi ikawekwa, kalamu ikawekwa. Nilisoma polepole, unanijua ninavyosoma na kidole. Mstari wa nne uliandikwa kwamba kazi yangu ni kuhakikisha kinachoonekana kwenye skrini ni cha kweli. Kidole kikagoma pale. Mganga mkuu akaniuliza kama kuna neno sijalielewa. Nikamwambia nimeyaelewa yote, na kwamba friji ya chanjo ilizimika Jumanne. Nikatoa daftari kwenye kitambaa chako cha zambarau, nikaliweka juu ya mkataba, na ile orodha niliyoichapisha. Kwa ile printa ileile, maana ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Shemeji alisema mimi nimechanganyikiwa, nimejifungua juzi tu. Miezi kumi na moja, dada, anaiita juzi. Mganga mkuu akafungua ukurasa, akaikuta ile K yenye mkia. Hakupiga kelele. Alimwambia shemeji amkabidhi funguo.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa tangu mwanzo wa barua hii. Umesoma hasira zangu zote, na ni za kweli, sirudishi hata moja. Lakini mume wako atakapokuja atakuambia kwamba mdogo wako naye si malaika, na hapo hatakuwa amekosea, ingawa hajui kwa kiasi gani.

Nilijua Jumanne. Si Alhamisi. Jumanne saa sita printa ilimkwamia karani tena, safari hii nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni kwake, na kutoka mlangoni kwake skrini inaonekana. Alipoizima, kitaa cha friji kikawa chekundu. Alipoiwasha, kikawa kijani. Sikuhitaji kusoma sana. Nilielewa pale pale, nikajua kwamba friji haina anayeilinda. Ningeweza kumwambia Nesi Miwani achukue kitabu chake. Ningeweza kwenda mwenyewe kuitazama jioni, ni hatua sitini tu, nimezihesabu baadaye. Plagi ililegea saa kumi. Ningeikuta. Nikajiambia Ijumaa si mbali, nisaini kwanza, ndipo nitasema. Sikutaka kuitwa mkurupukaji. Nilitaka mkataba, nilitaka Kijino awe na mama mwenye kazi ya kukalia kiti. Na kwa tamaa hiyo nikampeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, akachomwe maji.

Hilo nalo nililisema jana mezani. Shemeji alinigeukia na kuniangalia kama ananiona mara ya kwanza. Mganga mkuu akauvuta mkataba akauweka kwenye droo. Hakuuchana, wala hakunipa. Akasema nikae nyumbani wiki ijayo mpaka niitwe, lakini kabla ya kukaa niende na Nesi Miwani tukawatafute wale mama.

Tumeanza jana mchana na leo kutwa. Tumewapata thelathini na tatu. Inabidi tuwaambie watoto hawajakingwa, wasiwachanganye na wagonjwa, na warudi baada ya wiki nne, maana sindano hii haiwezi kurudiwa kesho yake. Wiki nne, dada, na surua iko mtaa wa chini. Nesi Miwani alitaka aseme yeye, nikamwambia hapana, nitasema mimi, na ninasema kwamba ni mimi. Mmoja alinifungia mlango usoni. Mmoja aliniuliza kama mimi nina mtoto, nikamgeuzia mgongo akamwona Kijino, nikamwambia huyu naye alikuwa kwenye foleni, mbele yako. Akamtazama sana, kisha akaniletea kiti. Nilikaa nikalia kidogo, tukaendelea. Nesi Miwani amerudishiwa kitabu chake. Anakibeba kwenye mkoba hata tukiwa mitaani.

Najua nimeitikisa nyumba yako. Wewe ndiye uliyeniachia mkate wako ukasema umeshiba, na nimekulipa kwa kukurudishia mume asiye na kazi. Usinijibu upesi kama una uchungu. Lakini nijibu, hata kama ni kwa matusi, nimeyazoea ya kwako, yana joto.

Shemeji akifika atakuwa amechoka na ana aibu, na aibu yake inatoka kama ukali, unamjua. Mpe chakula kwanza. Mwache ale, mwache avue viatu, mwache anitukane mpaka amalize. Halafu muulize swali moja tu, kwa upole, dada, kama unavyouliza wewe: Kijino ungemtafutia sindano nyingine, na wale arobaini je?

Atakachokujibu ndicho kitakachokuambia kama ni mtu wa kuanza naye upya. Mimi naamini bado yumo. Alinifundisha kazi kwa mikono yake na hakunicheka hata siku moja nilipokuwa nasoma na kidole.

Wabusu wanangu, ukandekande goti kwa maji ya moto na chumvi. Kesho tunakwenda kuwatafuta saba waliobaki.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza kabla hujazaa,
Mama Kijino